Zangu Hazina Jina

Ilikuwa Jumapili jioni, nafua begi ya shule ya kijana wangu kwa beseni pale kwa balkoni, na kwa ule mfuko mdogo wa pembeni vidole vikagusa kitu kigumu. Nikakitoa. Karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, na ndani madonge tisa ya njugu na tende, yale yale nilikuwa nikimfungia kila asubuhi, mengine tayari yameingiwa na sisimizi.

Sikumgombeza. Nilipangusa mikono nikaenda kukaa chini kando yake, alikuwa anachora matatu, nikaweka ile karatasi mbele yake. Akaiangalia, akaniangalia, akarudisha macho kwa matatu yake.

"Baba, zangu hazina jina."

Nikamwambia anieleze pole pole. Akasema saa ya breki wakifungua kontena kila mtu husema ameleta nini. Krispi ni krispi. Biskuti ina jina lake, tena limeandikwa kwa karatasi. Hata yule wa mandazi anasema mandazi na maneno yanaisha. Yeye wakimuuliza hii ni nini akisema njugu wanamwambia hii si njugu, akisema tende wanamwambia tende haikai hivyo, sasa Jumatatu akajaribu, Jumanne akajaribu, kuanzia Jumatano akawa anazifunga kwa karatasi anasema hajabeba kitu.

Ana miaka saba. Siku tatu alikaa na njaa kutoka alfajiri hadi chakula cha mchana kwa sababu ya neno moja ambalo hakuwa nalo.

Hiyo imenikaa kichwani wiki sita sasa.

Kazi yangu ni majina

Mnaonisoma kwa muda mnajua nafanya kazi kwa duka la kuchapisha pale River Road, Nairobi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni lebo. Lebo za asali, za achari, za unga wa uji, za sabuni ya maji. Mtu anaingia na kitu chake kwa jagi au kwa mfuko wa nailoni, hakina sura hakina jina, anatoka na stika mia mbili na kile kitu sasa ni bidhaa, kinaweza kusimama kwa rafu ya duka na kutazamwa. Nimeona mama analia machozi ya furaha pale kaunta akiangalia jina la pilipili yake limechapishwa kwa rangi. Kwa hivyo kati ya wazazi wote wa mtaa wetu wa Umoja, mimi ndiye nilipaswa kujua jina linafanya nini kwa mtu.

Lakini tangu Januari nilikuwa nimejaza kichwa viambato. Mama watoto anafanya kazi ya zamu, asubuhi nyingi mimi ndiye niko jikoni, na basi ya shule inapita stejini saa kumi na mbili kasoro robo. Breki ni saa tatu unusu. Huo ni muda mrefu sana kwa tumbo dogo, na vile vitu vya pakiti nilikuwa nimevichoka, nikaamua nitatengeneza vyangu. Nilisoma, nikapima, nikajaribu, na siku zote hizo sikuwahi kujiuliza mtoto atasema nini akiulizwa.

Basi nikataka kurekebisha haraka. Jumatatu saa ya lanchi nikadizaini stika, simba mdogo amebeba begi mgongoni, na chini yake nikaandika "Enaji Boli". Nikachapa kumi, nikabandika moja kwa kontena.

Ilidumu siku mbili.

"Baba, wanauliza enaji ni nini."

Nikafungua mdomo nimweleze na nikaona sina jibu la mtoto. Enaji ni kalori, ni hivyo tu, hakuna siri ndani yake. Njugu gramu 100 zina kalori karibu 570, na vidonge vitatu vya njugu na tende vya ukubwa wa bano, zile goroli watoto huchezea, vinakaribia slesi mbili za mkate. Hiyo ndiyo sababu huwa namfungia vitatu na si kumi. Lakini Gredi ya Pili hawataki hiyo hadithi saa ya breki.

Jirani yetu wa juu, ametoka Mombasa, akaniona nikiviringisha mlango ukiwa wazi, akaniuliza, "Baba, si hizo ni kashata tu?" Nikafurahi sana, nikakimbilia kwa kijana, nikamwambia haya, jina limepatikana, ziite kashata. Akatikisa kichwa. Kashata anazijua, huletewa na huyo mama kila Idi, za nazi na za njugu, zimekatwa pembe nne, sukari imeshika inang'aa. "Kashata ni zile za mama wa juu. Hizi si hizo."

Na alikuwa amesema kweli. Nikaacha kumpa majina.

Vijiko vinane

Wakati huo huo nilikuwa na shaka nyingine, na hii ilitoka kwa mama watoto. Alinikuta napima asali, akasimama mlangoni akihesabu bila kusema kitu, halafu akauliza, "Umeweka vijiko vingapi?"

Vinane. Vikubwa.

"Na ukaniambia hazina sukari."

Nilikuwa nimemwambia hivyo, na nilikuwa naamini. Asali ya Baringo, mtu ametoa mzingani, mimi kwangu hiyo ilikuwa kitu kingine kabisa tofauti na sukari ya pakiti. Usiku huo nikakaa na simu nikasoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 kuhusu sukari, na asali imetajwa pale pale pamoja na sukari ya kuongezwa na sharubati na juisi. Wanasema hizo zote zisizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ukiweza kushuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi.

Nikachukua kalamu. Mtoto wa miaka saba tuseme anakula kalori 1,500 kwa siku. Asilimia 5 yake ni kalori 75, yaani karibu gramu 19 za sukari. Kijiko kikubwa cha asali kina kama gramu 17 za sukari. Vijiko vinane nikigawa kwa vidonge 24, vidonge vitatu vinatoka na gramu 17 hivi, yaani kama vijiko vinne vya chai vya sukari, na hapo bado hajanywa chai ya jioni. Nilikuwa namalizia mtoto hesabu ya siku nzima saa tatu unusu asubuhi huku nikijisifu.

Asali ikatoka. Yote.

Nikabaki na tende, na kuhusu tende nitasema ninavyoona mimi. Tunda zima halihesabiwi kwa ule mwongozo kwa sababu sukari yake imefungwa ndani ya tunda pamoja na nyuzi zake. Lakini ukishaloweka tende ukazisaga zikawa uji mzito, mimi siwezi kujidanganya kwamba bado ni tunda zima, kwa hivyo nazihesabu, na nazipunguza. Pia zinang'ang'ania meno, ndiyo maana chupa ya maji huenda pamoja na kontena na amezoea kusukutua. Na kwa mwenye mtoto mchanga kwa nyumba, asali kabla ya miezi 12 usimpe hata ya kulamba, inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu na tumbo la mtoto wa umri huo haliwezi kupambana navyo.

Kuna kitu kingine nilisoma usiku huo kikaniuma zaidi ya asali. Muhula wa kwanza mwalimu aliandika kwa ripoti kwamba kijana hatulii darasani, na mimi nikamkalisha chini nikamwambia ni sukari inamchezesha, aache switi. Sasa nikakutana na uchambuzi wa mwaka 1995 kwa jarida la kitabibu la JAMA, watafiti wa Marekani walikusanya majaribio ambapo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho sukari bila wenyewe wala wazazi wao kujua wamepewa kipi, na hawakuona sukari ikibadilisha tabia ya watoto wala namna wanavyofikiri. Yaani lile nililomwambia mtoto wangu kwa uhakika wote halikuwa na msingi. Sukari ina makosa yake, meno ni shahidi, lakini hilo si lake.

Nikafikiria tena ile ratiba. Ameamka saa kumi na moja, kikombe cha chai nusu nusu kwa sababu usingizi haujaisha, basi, trafiki ya Jogoo Road, darasa, na mimi nashangaa kwa nini hatulii. Siwezi kuapa kwamba ni njaa. Lakini njaa sikuwa nimeifikiria hata mara moja, nilikimbilia kumlaumu yeye na switi zake.

Nilimwomba msamaha kesho yake tukingoja basi. Akasema sawa baba, kisha akauliza kama anaweza kukaa mbele.

Haina uso

Kutoka dukani kwetu hadi Nyamakima ni kutembea tu. Kama hujawahi kununua nafaka pale, nenda siku moja, magunia yamepangwa hadi barabarani, maharagwe ya kila rangi, wimbi, mtama, simsim, njugu za kila saizi, na vumbi lake lina harufu ya ghala ya nyumbani. Tende huwa nazitoa Islii, lakini njugu ni pale.

Kuna shosho mmoja nimekuwa mteja wake. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikamwambia anipimie kilo ya zilizosagwa, nimechoka kukaanga na kusaga mwenyewe. Akanipa, haya basi, biashara ni biashara, lakini mkono wake ukabaki juu ya mfuko.

"Ni za nani?"

Za watoto, shosho.

"Kijana yangu, njugu ikishasagwa haina uso."

Akamwaga za kwake chache kwa ungo akanionyesha. Hii imekunjamana. Hii ina doa. Hii imebadilika rangi kwa ncha. Hii ina kama vumbi la kijani. Akazitoa moja moja akatupa kwa ndoo nyingine, na akaniambia zile mbaya hazipotei, mtu akizisaga na nzuri nani atajua.

Tunaoishi Kenya hatuhitaji kuelezwa sana aflatoksini, ile sumu ya kuvu. Mwaka 2004 huko Ukambani, Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyoota kuvu na 125 wakafa. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka redio. Lakini kwa kichwa changu hiyo ilikuwa habari ya mahindi, na habari ya gunia lililolowa mvua. Njugu hupatwa na kuvu hiyo hiyo, na sumu yake kukaanga hakuimalizi, inavumilia joto la sufuria. KEBS, shirika la viwango la Kenya, inaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo, na kipimo hicho macho yako na yangu hayakioni. Kinachoonekana ni zile zilizokunjamana na zilizobadilika rangi, ambazo ndizo mara nyingi hubeba sumu nyingi, kwa hivyo kuchagua kwa mkono kunapunguza. Hakuondoi yote, kunapunguza.

Nilirudi na njugu nzima, mbichi, na wasiwasi. Kwa siku kadhaa nilifikiria kuacha kabisa. Nilijiuliza kama pakiti ya biskuti kutoka kiwandani si salama kuliko mapenzi yangu na sufuria yangu. Nilikaa na hilo swali na sikulipenda, na mpaka leo sidhani ni swali la kudharau, kwa sababu mtu akisema "ya nyumbani" tunapumua kana kwamba nyumbani hakuna kuvu.

Kilichonitoa hapo ni watoto. Jumamosi nilimwaga kilo nzima kwa meza juu ya gazeti nikaanza kuchagua, wakaja wote wawili, kijana na dadake wa miaka minne, wakataka kujua natafuta nini. Nikawaambia kuna wezi wamejificha humo. Wamejikunja, wana madoa, wamevaa kofia ya kijani.

Mnajua mtoto wa miaka minne akiambiwa kuna mwizi.

Saa nzima hakuna aliyeomba kuwasha tivii. Walikuwa wanashindana, wakimpata mmoja wanapiga kelele "mwizi!" na kumpeleka kwa kikombe, ambacho kilikuwa jela, na mimi nikipitia nyuma yao kuangalia waliowapita. Binti alikataa katakata nimwachilie hata yule ambaye mimi niliona ni mzima. Kila Jumamosi sasa ni hivyo, na mikono inaoshwa baadaye na hakuna kuonja mbichi.

Bano

Jina lilikuja Jumamosi hiyo hiyo na mimi sikuwa nalitafuta.

Ninavyotengeneza siku hizi ni hivi, kwa mkono tu, sina mizani ya maana. Njugu vikombe viwili nikaange polepole hadi zinukie, nipepete maganda, nisage lakini si hadi ziwe siagi. Tende kumi na tano, nitoe kokwa, niloweke kwa maji ya moto dakika kumi zilegee. Hapo ndipo nilikuwa nakosea zamani, tende kavu hazishiki, kidonge kinavunjika kwa kontena na mtoto anabaki na unga. Simsim nusu kikombe, huwa tunaletewa na mama yangu kutoka nyumbani kwa basi, kule wanaita nyim. Unga wa wimbi vijiko vinne, lakini uukaange kwanza kwa sufuria kavu, usiache ladha mbichi. Wimbi una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa gramu 100, ingawa mwili hauchukui zote, na mimi naupenda pia kwa sababu unanusa kama uji wa asubuhi. Chumvi kidogo sana. Halafu unaviringisha, na ukimaliza unavipitisha kwa unga wa ubuyu, ule mweupe halisi, si yale mabuyu mekundu ya rangi na sukari, na ule uchachu wake ndio unafanya mtoto arudi kwa cha pili.

Sasa tukiwa tunaviringisha, kijana akakiweka kimoja mezani, akakunja kidole gumba, akakipiga. Kikaenda kikagonga kingine. Kile kingine kikaanguka chini.

"Bano!"

Nikangoja.

"Baba, hizi ni bano. Bano za kula."

Kwisha. Hakuna mtu aliyebishana tena kuhusu jina kwa hii nyumba. Jumatatu alibeba bano tatu, akafungua kontena, wakamuuliza ameleta nini, akasema bano, na ameniambia mwenyewe kwamba kijana mmoja akasema haiwezekani na yeye akaipiga kwa dawati kumwonyesha. Kontena ilirudi tupu. Nililiangalia hilo bakuli tupu pale kwa sinki kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza kwa mtu mzima mwenzangu.

Binti naye akataka zake. Hapo nilimkatalia, na nitaeleza, kwa sababu naona watu wakiwapa watoto wadogo vitu kama hivi. Kidonge cha mviringo, kigumu kigumu, saizi ya bano, ndicho hasa kinachoweza kuziba koo la mtoto mdogo. Njugu nzima huduma ya afya ya Uingereza inasema wazi usimpe aliye chini ya miaka 5. Kwa hivyo zake nasaga laini zaidi, naongeza ndizi mbivu kidogo ilainike, halafu nabonyeza kwa kiganja ziwe bapa, na anakula akiwa amekaa, si akikimbia kwa koridoo.

Alilia kwanza. Kakake akamwambia usilie, zako ni mbao. Shilingi ishirini.

Tangu hapo binti ana pesa. Anafungua duka nyuma ya sofa, anamuuzia kakake, ananiuzia mimi, mama watoto akirudi zamu ya usiku anakuta bei imepanda. Sikubuni hata moja ya hizo. Nilikuwa nimekaa na skrini wiki nyingi nikiangalia picha za vyakula vilivyokatwa nyota na dubu, nikidhani mchezo ni sura nitakayokipa chakula usiku wakiwa wamelala.

Simu ya saa nne

Wiki ya pili ya bano, nikiwa kazini, simu ya mwalimu wa darasa. Mwalimu akipiga saa nne asubuhi miguu inakuwa maji kabla hujasema haloo.

"Mzazi, usishtuke, hakuna aliyeumia. Lakini hizi bano, zina nini ndani?"

Kijana wangu alikuwa ameanza kugawa. Mtoto ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anaficha, sasa alikuwa na kitu ambacho wengine wanataka, na akawa mkarimu. Akampa rafiki yake mmoja. Na huyo rafiki, mwalimu akaniambia, hatakiwi kugusa njugu. Mwili wake unazikataa. Kidonge kilikuwa tayari mkononi, mwalimu alikuwa anapita tu kati ya madawati akasikia "shika bano", akauliza bano ni nini, na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyesema njugu. Kwa sababu haikuwa njugu tena. Ilikuwa bano.

Nilitoka nje nikasimama pale River Road kwa kelele ya mikokoteni na makanga.

Sitasema uongo, zamani nilikuwa nadhani hiyo aleji ya njugu ni mambo ya Ulaya. Njugu, kitu tunauziwa kwa matatu ikiwa imefungwa kwa karatasi, nani atadhurika na njugu. Jioni nikaomba mwalimu aulize kama mama wa yule mtoto angekubali kuongea na mimi, akakubali. Hakunifokea, na nadhani ningependa anifokee. Akanieleza kwa utulivu kwamba mtoto akiwa na miaka mitatu alionja chapati iliyopakwa siagi ya njugu kwa mtu, midomo ikavimba, kifua kikaanza kubana, wakakimbia hospitali usiku. Sasa anatembea na sindano ya adrenalini kwa mkoba, ya pili iko kwa ofisi ya shule.

"Baba, mimi nikiambiwa jina la chakula huwa nauliza tena kilicho ndani. Mara mbili. Jina haliniambii kitu."

Nikakumbuka uso wa njugu, na yule shosho mkono wake juu ya mfuko.

Nikakumbuka pia kazi yangu. Kila lebo ninayochapa, chini ya jina kubwa la rangi, kuna maandishi madogo. Viambato. Huwa vinaorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, ndiyo maana ukitaka kujua kitu kweli kweli unasoma neno la kwanza pale chini na si la kwanza pale juu. Nimewaandikia watu mamia. Wateja wakitaka kuyapunguza yasionekane, mimi ndiye huwaambia hapana, haya lazima yasomeke. Na ile stika yangu ya simba haikuwa na hata neno moja chini.

Kingi kinatangulia

Njugu haziendi tena shuleni. Bano zimebaki za nyumbani, za Jumamosi na za jioni.

Kijana aliumia, na nilielewa, maana jina lilikuwa lake. Alidhani amefanya kosa. Tukaongea usiku huo gizani, ameshafunikwa, akaniuliza kama rafiki yake angekufa. Nilimwambia angeumwa sana na ndiyo, inawezekana. Sikuona namna ya kumpa jibu dogo zaidi ambalo bado ni la kweli. Akanyamaza. Halafu akasema, "Sasa yeye atakula nini?"

Hilo ndilo tulilofanyia kazi wiki tatu hizi.

Nilimtumia yule mama orodha kwa WhatsApp na tukaipitia neno kwa neno. Simsim nilidhani ingechukua nafasi ya njugu, akaniambia simsim nayo iko kwa wale wanaosababisha aleji sana, wake hajapimwa, tusijaribu. Ikatoka. Tukabaki na tende, mbegu za maboga, wimbi, nazi iliyokunwa na chumvi. Blenda yangu imesaga njugu tangu Januari na hata nikiiosha siiamini pale chini kwenye visu, nikanunua kinu kipya cha mbao Gikomba, kinu ambacho hakijawahi kuona njugu na hakitaona, kimekaa juu ya kabati peke yake. Mbegu za maboga zinakaangwa kwa sufuria yake. Siku ya kwanza yule rafiki alionja kwao, mkononi mwa mamake, Jumamosi asubuhi, dawa ikiwa karibu, na si darasani. Nilikaa na simu mpaka saa saba mamake aliponiandikia kwamba mtoto yuko nje anacheza mpira.

Na kijana wangu amejifunza kusema kwa mpangilio. Nilimsikia wikendi iliyopita kwa ngazi akimpa mtoto wa jirani bano ya nyumbani: "Shika bano. Ina njugu, tende, simsim, wimbi, ubuyu. Wewe hula njugu?" Amengoja jibu, ndipo akafungua mkono.

Leo nimekuja naye dukani. Amekaa kwa stuli kando yangu, tunatengeneza stika ya kontena ya shule. Chini amenisomea mwenyewe, kingi kinatangulia: tende, mbegu za maboga, wimbi, nazi, chumvi. Nimeiandika kubwa kuliko ninavyowaandikia wateja. Pembeni ametaka iandikwe "HAINA NJUGU" kwa rangi nyekundu, nikamweka yeye aibonyeze.

Pale juu, panapokaa jina, nimemuuliza niandike nini. Akasema niache wazi. Rafiki yake ndiye atasema Jumatatu.

Nimeacha sentimita nne.